Tembea Ujione



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, lishe ya watoto na kliniki ya wajawazito. Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la afya, yaani safari ya mapumziko. Hatusemi safari ya kwenda msibani, wala ya kumpeleka mgonjwa, wala ya kufuata malipo ya korosho. Tunasema safari ya mtu aliyefunga mlango wake kwa siku chache ili apumzike, aone mahali pengine, kisha arudi nyumbani.

Pengine utasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu na matajiri." Sisi nasi tulisema hivyo kwa miaka mingi. Leo tunataka kukueleza jinsi tulivyojifunza vingine, na jinsi tulivyokaribia kujifunza tukiwa tumechelewa.

Safari zetu ni za shida

Hapa Ndanda, chini ya uwanda wa juu wa Makonde, barabara kuu ya kwenda Masasi inapita karibu nasi. Kila siku tunaona mabasi yamejaa. Lakini waulize abiria wanakwenda wapi. Huyu amefiwa, yule anakwenda kuuguza, mwingine ana kesi ya shamba. Ndiyo maana mtu akionekana na mfuko asubuhi, jirani humwuliza kwa hofu, "Kwema lakini?" Akijibu kwamba anakwenda kutembea tu, jirani haamini. Atadhani anafichwa.

Hata likizo zetu ziko hivyo. Sheria ya kazi ya nchi yetu ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kila mwaka. Siku hizo tunazitumia kwa palizi, kufyatua matofali na kukaa matanga. Tunarudi kazini tumechoka kuliko tulivyoondoka. Mkulima naye hana likizo iliyoandikwa. Akimaliza korosho anaanza kusafisha shamba jipya.

Wazee wetu hawakuwa hivyo kabisa. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto wa jando alitolewa nyumbani, akakaa kando ya kijiji, akafundishwa, kisha akarudi na jina jipya. Walijua kwamba kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyajua juu ya nafsi yake akiwa amekaa palepale jikoni kwa mama yake. Ni lazima aondoke kwanza.

Tulivyoondoka

Mwaka 2016 sisi wauguzi wawili tulialikwa Ujerumani na marafiki waliowahi kufanya kazi huku kwetu. Hatukwenda kusoma wala kuhudhuria semina. Tulialikwa kupumzika kwa wiki tatu. Tuliona aibu kulisema jambo hilo, tukawaambia majirani kwamba tunakwenda "kwa mambo ya kazi". Wakati huo kila mmoja wetu alikuwa amefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka 20, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kulala nje ya nyumba yake bila sababu ya shida.

Jambo la kwanza lililotushangaza kule ni matembezi ya Jumapili. Baada ya chakula cha mchana wenyeji wetu walivaa viatu, wakatuambia twende. Tukauliza, "Tunakwenda kwa nani?" Wakasema hatuendi kwa mtu. Tukauliza tena, "Tunafuata nini?" Wakasema hatufuati kitu. Tulitembea msituni saa nzima na nusu, kisha tukarudi palepale tulipoanzia. Njiani tulikutana na wazee wa miaka 70 na 80 wakitembea hivyohivyo, wengine na fimbo zao. Sisi, wenye umri wa kuwa watoto wao, tulikuwa tunahema.

Jioni ile mama mwenyeji wetu alitoa mashine ya kupimia shinikizo la damu, maana yeye mwenyewe ni mgonjwa wa presha na hujipima nyumbani. Akatutania, "Leo wauguzi mpimwe na mgonjwa." Yule aliyeshika kalamu hii alikutwa na 172 juu ya 104. Tulicheka, tukasema mashine ni mbovu, au ni uchovu wa matembezi. Kesho yake asubuhi, baada ya kukaa kimya dakika tano, ilikuwa 168 juu ya 102. Siku ya tatu hali ilikuwa ileile. Tukapelekwa kwa daktari, na dawa zikaanzwa.

Fikiri, msomaji. Mikono hii imewapima watu maelfu. Imewaambia kina mama na kina baba, "Presha haina dalili, usingoje uumwe, njoo upime." Lakini yenyewe haikuwahi kunyosha mkono mmoja upimwe. Maumivu ya kichwa ya kila jioni tuliyaita uchovu, na kuhema kwenye kilima tuliita uzee. Hatukuwa na wa kumlaumu. Kifaa kilikuwa mezani kwetu kila siku. Kilichokosekana ni muda wa kukaa na kujitazama.

Usiku wa saa 9

Mwenzetu alikuta jambo jingine, naye ametupa ruhusa tulieleze. Siku tatu za kwanza aliamka kila usiku saa 9, akakaa kitandani akisikiliza kama kuna mgonjwa anayeita. Siku ya nne alilala mpaka saa 2 asubuhi, akaruka kutoka kitandani akitafuta sare yake, akidhani amechelewa zamu. Alipotambua yuko wapi, alianza kulia, na alilia karibu siku nzima.

Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amemzika mama yake mzazi. Siku ya tatu baada ya mazishi alirudi wodini, kwa kuwa wauguzi walikuwa wachache. Watu walimsifu kwa moyo wa kazi. Lakini kilio kile hakikwenda popote. Kilimngoja. Kilipompata mahali pa kimya, pasipo kengele wala mgonjwa, kilitoka.

Tunasema haya kwa sababu kuna watu ambao wakipumzika siku moja au mbili hujisikia vibaya, wakasema, "Mapumziko hayanifai, yananiletea mawazo." Ndugu, mapumziko hayaleti kidonda. Yanafungua bandeji ili kidonda kionekane. Kama baada ya kupumzika machozi hayaishi, usingizi haurudi au mtu anaona maisha hayana maana, asinyamaze. Aje hospitali tuzungumze, maana sonona nayo ni ugonjwa na ina tiba.

Mjusi wetu aliye ugenini

Kabla ya kurudi tulipelekwa Berlin, kwenye jumba la makumbusho ya viumbe. Ndani ya ukumbi mkubwa imesimama mifupa ya mnyama mwenye kimo cha meta 13 na zaidi, juu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Tukasoma kibao, tukaona neno Tendaguru. Ni yule dinosaria ambaye Watanzania tumezoea kumwita mjusi mkubwa. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, na mifupa yake ilichimbwa mkoani Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913. Watu wa kusini, mamia kwa mamia, ndio waliochimba, wakaibeba mizigo vichwani mwendo wa siku nne mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Hayo yote yalitokea mara baada ya vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata.

Watoto wa shule wa kule walikuwa wamekaa sakafuni wakichora. Mwalimu wao alipojua tunatoka wapi, alituuliza, "Kilima cha Tendaguru kikoje?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumevuka bahari kuja kuona kitu kilichotoka jirani na kwetu, na mahali penyewe hatujawahi kupakanyaga. Tuliona fahari na aibu kwa pamoja. Siku ile tulikata shauri kwamba likizo inayofuata tutaitembea nchi yetu.

Wataalamu wanasema nini

Je, faida ya mapumziko imechunguzwa? Ndiyo. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, Gump na Matthews, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 9 wanaume zaidi ya 12,000 wenye hatari ya kupata ugonjwa wa moyo. Wale waliokuwa wakienda likizo mara kwa mara walikufa wachache kuliko wale wasiokwenda. Ni kweli kwamba mwenye nafasi ya likizo pengine ana pesa na afya zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo tusiseme kuwa likizo peke yake imefanya kazi yote. Lakini jambo hili linatosha kutufanya tufikiri.

Tena mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu juu ya watu wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Hatari yao ya kupata kiharusi ni kubwa kwa asilimia 35 kuliko wale wanaofanya saa 35 hadi 40. Kwa mwaka 2016 peke yake, mashirika hayo yalikadiria kuwa kazi za saa nyingi zilihusika na vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo duniani. Mama anayeamka saa 10 alfajiri kuchota maji na kulala saa 5 usiku, hebu ahesabu mwenyewe saa zake za wiki.

Si lazima kupanda ndege

Tuliporudi tulitimiza tuliyosema. Safari ya kwanza ilikuwa ya siku moja tu. Tulipanda Newala, tukaenda kusimama Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla. Bonde liko chini yako, na kwa mbali ni upande wa Mto Ruvuma na Msumbiji. Tumewahi kufika Newala mara nyingi kwa kazi za chanjo, lakini hatukuwahi kusimama pale bila kutazama saa. Tulikula mihogo na karanga, tukakaa mpaka upepo ukawa wa baridi. Gharama ilikuwa nauli na chakula tu.

Mwaka uliofuata tulikwenda Kilwa kwa siku nne. Kutoka Kilwa Masoko tulivuka kwa mashua mpaka Kilwa Kisiwani, tukaona Msikiti Mkuu na magofu ya Husuni Kubwa. Msafiri Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 akausifu mji. Tangu mwaka 1981 magofu hayo ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yamo katika urithi wa dunia. Zamani, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, wageni wa kutoka Dar es Salaam walifika kusini kwa shida. Sasa wanafika kwa basi. Je, sisi tulio karibu zaidi tunangoja nini?

Kisiwani tulitembea kwa miguu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, bila kuhema kama kule msituni. Kwa sababu tangu turudi tulianza kutembea nusu saa kila jioni, kutoka nyumbani mpaka mwisho wa kijiji na kurudi. Mzee mmoja alituuliza kila siku kwa wiki mbili, "Sista, leo nani mgonjwa?" Siku hizi hutembea pamoja nasi. Presha ya yule aliyeshika kalamu sasa ni chini ya 140 juu ya 90, kwa dawa, kwa kupunguza chumvi na kwa miguu. Tendaguru hatujafika bado. Ipo kwenye orodha.

Ukiamua kusafiri, jiandae

Safari nzuri huharibiwa na maandalizi mabaya. Shika mambo haya:

1. Pima kabla ya kuondoka. Ukishafika miaka 40, pima presha na sukari. Keti dakika tano, usizungumze, mkono uwe sawa na moyo. Ikiwa 140 juu ya 90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, muone mganga.

2. Dawa zako ziwe mkononi. Tulimpokea mama mmoja mwenye kisukari aliyeweka dawa kwenye sanduku, sanduku likawekwa chini ya basi, basi likaharibika njiani usiku kucha. Alifika kwetu hajitambui. Alipona, lakini ingekuwa rahisi kuepuka. Wenye presha, kisukari, kifafa, pumu, na wanaotumia ARV wabebe dawa za siku zote za safari na za wiki moja zaidi, pamoja na kadi ya kliniki. Insulini isikae juani wala karibu na injini.

3. Usikae kitako siku nzima. Katika basi au ndege damu ya miguuni inaweza kuganda. Basi likisimama, shuka utembee. Ukiwa umekaa, chezesha nyayo juu na chini, na unywe maji. Wengi huacha kunywa maji wakiogopa kuomba kujisaidia. Hilo ni kosa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikabana baada ya safari, nenda hospitali siku hiyohiyo.

4. Chandarua ni mzigo mwepesi. Beba chako chenye dawa. Wajukuu waliozaliwa nchi za baridi, na hata ndugu waliokaa huko miaka mingi, wakija kuwatembelea wana hatari kubwa kuliko wewe, kwa sababu miili yao haina mazoea ya malaria. Waambie wamwone daktari kabla ya kuja ili wapewe dawa ya kinga. Wakipata homa, wapimwe siku ileile. Nao wakirudi kwao wakapata homa, wamweleze daktari walikotoka.

5. Chanjo ya homa ya manjano. Inatakiwa katika baadhi ya nchi, ikiwemo Uganda ambako wengi huenda kuhiji Namugongo kila Juni 3. Ichome angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. Hata kama ndani kimeandikwa miaka 10, huhitaji kurudia kwa ajili ya cheti. Kitunze pamoja na pasipoti. Kwa nchi za mbali, ulizia pia bima ya safari mapema.

6. Maji na chakula. Kunywa maji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa. Kula chakula cha moto. Weka pakiti mbili za ORS mkobani.

7. Wajawazito na wagonjwa wa sikoseli. Mjamzito asifanye safari ndefu mwezi wa mwisho, na abebe kadi yake daima. Mwenye sikoseli ajikinge na baridi na anywe maji ya kutosha.

8. Ugenini si mahali pa kujisahau. Pombe na uasherati vimewaletea wengi ugonjwa wakiwa safarini, wakauleta nyumbani kwa wenzi wao. Tulisema ujione, hatukusema ujipoteze.

Na asiye na nauli?

Hata yeye hatuwezi kumwacha. Nenda kwa miguu mpaka kijiji cha pili, ukamsalimie shangazi ambaye hukumwona tangu msiba wa mwaka juzi, lakini safari hii uende hakuna aliyekufa. Kaa kwake siku moja. Usiku, kabla ya kulala, jiulize maswali matatu: Mwili wangu unaniambia nini? Moyo wangu umebeba nini? Nikirudi nitabadili nini? Maswali hayo matatu ndiyo tuliyorudi nayo kutoka ng'ambo, na hayakuhitaji ndege. Ila sisi tulihitaji kwenda mbali ndipo tukayasikia.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika jumuiya

1. Katika mwaka uliopita, ni safari ngapi za familia yako ambazo hazikuwa za shida?

2. Nani nyumbani kwenu hapumziki kabisa, na nani anaweza kumshikia kazi zake kwa siku tatu?

3. Ni mahali gani karibu na kwenu ambapo wageni huja kupaona, nanyi hamjafika?

4. Mara ya mwisho wewe kupimwa presha ilikuwa lini?

Swali la nne usilipeleke nyumbani. Ukipita karibu na hospitali au zahanati, ingia. Kipimo hicho ni cha dakika chache tu, na hakuna atakayekuuliza nani mgonjwa.

Tunawatakieni afya njema na safari njema. Mungu akipenda, tuonane mwezi ujao.